Kabla Mzee Masatu Hajanyolewa

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mambo mawili, na yote nimeyakwepa. La kwanza, kwa nini siko tena kwenye ile tamthilia niliyowachosha nayo mwaka mzima. La pili, nywele zangu za juu ya sikio la kulia zilikwenda wapi, maana mpaka leo msusi akifika hapo anasimama na kuniangalia kwenye kioo. Majibu yote mawili yako Ukerewe. Kaeni niwaeleze mara moja, nisirudie tena.

Kwanza kwa wale mnaodhani napiga picha: sipigi picha. Kazi yangu inaitwa mwendelezo. Tamthilia hairekodiwi kwa mfuatano. Leo mnamrekodi mtu akishika kitasa na kuingia mlangoni, kwenye nyumba iliyoko ufukweni Kayenze. Wiki mbili baadaye mnamrekodi akitokea upande wa ndani wa mlango huo huo, ila sebule ni ya nyumba nyingine kabisa, huku mjini. Mtazamaji anatakiwa aamini ni hatua moja tu. Mimi ndiye ninayekumbuka kwamba kofia ilikuwa mkono gani na kifungo kipi kilikuwa wazi.

Kufika hapo kumenichukua miaka minne. Nilianza kwa kubeba nyaya kwenye video za harusi, nikachemsha chai, nikashika kibao cha kutajia sini, yaani vipande vya mchezo. Hii ndiyo ingekuwa mara ya kwanza jina langu kupita mwishoni, peke yake, kwenye mstari wake. Baba yangu, mwalimu mstaafu kule Bukoba ambaye hadi leo anaamini ningefaa benki, alikuwa ameshauliza mara tatu litapita kwa kasi gani, maana macho yake siku hizi hayako sawa.

Sasa kosa lenyewe. Siku ya mwisho ya Kayenze, watu wanafungasha vitu, dairekta aliniuliza kwa mbali, "Koku, Mzee Masatu amemaliza?" Mzee Masatu alikuwa anacheza baba wa familia. Nikaangalia karatasi, sini ya mlango ina alama ya vema, nikajibu, "Amemaliza." Jamani, vema ile ilikuwa ya nusu ya nje. Nusu ya ndani ilikuwa ukurasa wa nyuma, na sikuufunua.

Mzee akapigiwa makofi, akapewa mkono na kila mtu, akaenda zake. Jioni ile ile akapata simu kwamba mama yake mzazi amefariki kwao, kisiwani Ukerewe. Zilipita siku tisa ndipo tukaanza kuandaa sebule, dairekta akauliza, "Haya, mzee anaingilia upande gani?" Hapo ndipo nilipofunua ukurasa wa nyuma. Tulipiga simu yake, akapokea mpwa wake. "Mzee yuko na wazee wenzake. Kesho saa nane mchana wananyoa." Kisha simu ikakata na haikupatikana tena.

Kwao, siku ya kumaliza matanga, watoto na wajukuu wa marehemu wananyolewa kichwa na ndevu, kuanzia mzaliwa wa kwanza. Mzee Masatu ndiye mzaliwa wa kwanza. Na ndiye mwenye zile mvi na zile ndevu nyeupe ambazo dairekta alizunguka kanda nzima kuzitafuta. Mtasema wigi. Tulishajaribu ndevu za kubandika kwa mzee mwingine, akaonekana kama mtu aliyefumaniwa akilamba unga.

"Aahirishe siku nne tu," dairekta aliniambia. "Jumatatu tunamrekodi, halafu anyoe. Na jambo hili haliombwi kwenye simu. Aliyesema amemaliza ndiye atakayekwenda."

Mwanza hadi Magu

Meli ya asubuhi ya kwenda Nansio siku hiyo haikuwa inakwenda, kwa hiyo ilibidi nilizunguke ziwa kwa barabara: Magu, Bunda, Kisorya, kisha kivuko. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshakaa kwenye basi stendi ya Nyamhongolo, mfuko wa sukari ya rambirambi kati ya miguu, na faili langu la mwendelezo kifuani. Nilikuwa nimelibeba ili nimwonyeshe mzee ni kitu gani hasa tumebakiza. Kwa kweli nilikuwa nalishikilia kama mtu anavyoshikilia mkono wa mwenzake kwenye foleni ya daktari wa meno.

Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema. "Shikamoo mzee, pole sana na msiba, ila..." Hapo kwenye ila ndipo nilipokuwa nakwama. Nikajaribu kuanzia upande mwingine. "Mzee, dairekta anakusalimia sana, anakupa pole, ila..." Ikawa mbaya zaidi. Utamwambiaje mtu aliyemzika mama yake kwamba ndevu zake ni za kwetu?

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, anauza vitenge Bunda. Tulisalimiana vizuri, akanigawia karanga. Kisha mimi mwenyewe nikaharibu, nikafungua faili. Humo ndani Mzee Masatu yuko kila mahali: kisogo chake, sikio la kushoto, sikio la kulia, vidole, viatu, ndevu kutoka mbele, ndevu kutoka chini. Picha kama arobaini. Yule mama aliacha kutafuna.

"Binti, huyu mzee amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, mama. Namfuata tu kisiwani. Kuna msiba. Nataka nimuwahi kabla hajanyolewa."

"Unataka nywele zake?"

"Ee. Yaani siyo kuzichukua. Zibaki tu mpaka Jumatatu."

Haki ya Mungu, nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nilitamani kuruka dirishani. Mama alijifunga kitenge chake upya, akaichukua mikoba yake yote miwili akaipakata, na ule mkono uliokuwa unanigawia karanga ukarudi ndani. Nikajaribu kumwelezea mambo ya sini, nje na ndani, mlango mmoja nyumba mbili. Kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kusogea. Tulipofika Magu alihamia kiti cha nyuma na akamnong'oneza konda jambo, na konda akawa ananiangalia kwenye kioo.

Magu hadi Bunda

Magu basi lilisimama na dereva akashuka kunywa supu. Nilivumilia dakika kumi. Ya kumi na moja nikashuka.

"Kaka, tunaondoka saa ngapi?"

"Dereva anakunywa supu," konda alisema.

"Naona. Nauliza saa ngapi."

"Dada, wewe unataka dereva mwenye njaa? Kale na wewe, uso umekusinyaa."

Nilinunua matobolwa kwa bibi aliyekuwa ametandaza gunia kando ya barabara, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Nikatafuna kimoja nimesimama, macho kwenye mlango wa hoteli. Dereva alitoka, akarudi ndani, akatoka na kijiti mdomoni, akasalimiana na askari wa barabarani, wakacheka. Nikajikuta naandika kwenye kijitabu saa aliyoingia na saa aliyotoka, kama vile kuna mtu angekuja kunidai ushahidi. Supu ile ilichukua dakika thelathini na nane.

Baba alinipigia tukiwa tunakaribia Lamadi. Alikuwa anauliza kama nimeshavaa sweta, maana asubuhi kwao kulikuwa na baridi. Nikamwambia niko safarini kikazi. "Kikazi!" akasema, kwa furaha iliyonichoma. "Wamekuamini kukutuma peke yako?" Nikasema ndiyo, baba, wameniamini. Nilipokata simu niliikalia.

Tulifika Bunda karibu saa tano. Yule mama wa vitenge alishuka kabla yangu. Akiwa tayari ameshafika chini aligeuka na kuniambia kwa sauti ya upole, "Mwanangu, rudi nyumbani kwenu ukasali." Nikamshukuru.

Kisorya

Kutoka Bunda nilipanda mchomoko, gari dogo la abiria, mpaka Kisorya ambako kivuko kinavusha watu kwenda Rugezi upande wa kisiwa. Nilifika saa sita na dakika kumi. Kuvuka kwenyewe hakufiki hata nusu saa, na kivuko nilikiona kwa macho yangu. Kilikuwa ng'ambo ya pili.

Kule ng'ambo kulikuwa na lori la ng'ombe lililotakiwa kupanda, na ng'ombe mmoja alikuwa amelala katikati ya njia ya kupandia na hataki kuamka. Tuliambiwa hivyo na mwanamke mmoja muuza chai aliyekuwa anaongea kwa simu na mumewe aliyekuwa huko. Kila baada ya muda anatupa taarifa. "Wamemvuta mkia." Watu wanaguna. "Ameamka." Watu wanapumua. "Amelala tena."

Nilikaa kwenye benchi lake. Akaniletea chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha bila kuuliza. Nikamwambia sina hamu. Akasema kula, safari ya msiba haiendwi na njaa, yaani aliniona tu usoni. Nikamuuliza, kwa ile sauti yangu ya mtu aliyeishiwa akili, kama anamfahamu Mzee Masatu ambaye mama yake amefariki.

"Mwalimu Masatu? Wa michezo ya kuigiza ya shule? Nani asiyemjua?"

"Mama, ameshanyolewa?"

Basi hapo mambo yakabadilika. Aliweka birika chini. Akanishika bega. "Maskini mtoto," akasema, "kumbe wewe ni wa kule. Na umechelewa." Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshawageukia watu wote waliokuwa wanasubiri. "Jamani, huyu ni mjukuu wa marehemu kule kwa Mwalimu, ananyolewa saa nane na bado yuko hapa!"

Ndugu zangu, hebu fikirini. Katika nchi ile hakuna mtu mwingine anayekimbizana na saa ya kunyoa isipokuwa mtoto au mjukuu. Swali langu lilikuwa limeshawajibu kila kitu. Nilisema, "Hapana, mimi ni wa kazini," na wakaitika, "Ndiyo, ndiyo, pole," kama unavyomwitikia mgonjwa wa homa. Kivuko kilipofika wakanipitisha mbele ya pikipiki, mbele ya magunia, mbele ya padri mmoja aliyekuwa amesubiri kuliko mimi. Padri akanipa pole kwa mkono. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, lakini nikapita. Ilikuwa saa saba kamili.

Kutoka Rugezi

Yule mama wa chai alikuwa ameshampigia mumewe, na mumewe alikuwa amenitafutia bodaboda. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye koti zito la mvua juani, anaitwa Baba Kuyela. Hakuuliza naenda wapi. Alisema, "Panda, tutawahi," na tukaondoka kwa kasi iliyonifanya nianze kusali rozari kwa vidole vya mguuni. Tulipita mashamba ya muhogo, miamba, michungwa, ziwa likitokea kulia na kupotea. Nikaona saa: saba na nusu. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri niliamini nitafika.

Halafu akasimama. Katikati ya kijiji kimoja, mbele ya nyumba isiyo na msiba wowote.

"Baba, ni hapa?"

"Siyo hapa. Hivi wewe, unaingia kwenye matanga ya bibi yako na suruali?"

"Baba Kuyela, nakuomba, twende tu."

"Haiwezekani. Watasema mimi nilikuleta na nilikuona." Akaingia ndani kumwomba shemeji yake khanga. Shemeji hakuwepo, alikuwa bombani. Akatumwa mtu bombani. Nilibaki kwenye pikipiki, sukari mapajani, nikitazama dakika zinavyoondoka. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga. Shemeji alikuja mbio, amelowa, akanipa pole, akachagua khanga, akairudisha, akachagua nyingine ya rangi ya kupoa, akanifunga mwenyewe kiunoni na nyingine kichwani. Dakika kumi na tano. Na nisiwafiche, nilipofika nilimshukuru Mungu kwa zile khanga.

Uani

Tulifika saa nane kasoro kidogo. Uani kulikuwa na watu kama mia, wametulia. Wanawake walinipokea kwa kilio, na kilio hakiachwi njiani, ukipokelewa nacho unalia. Nililia kweli kweli. Sikumjua yule bibi hata kwa picha, lakini nilikuwa na machozi ya siku nzima yanayotafuta pa kutokea.

Kikerewe na Kihaya ni ndugu, nusu nakielewa. Nyuma yangu nikasikia wanasemezana kwamba huyu ndiye yule wa Mwanza. Yupi wa Mwanza? Kumbe kwa miaka kulikuwa na maneno ya chini chini kwamba Mwalimu ana mtoto nje. Leo wamemwona. Dada yake Mzee Masatu, Bibi Nyangeta, alinishika uso kwa mikono miwili akautafuta kwa makini, nadhani alikuwa anatafuta pua ya kaka yake. Hakuipata, ila hakukata tamaa. Alinikalisha kwenye mkeka, kwenye mstari wa watakaonyolewa. Mbele yangu kulikuwa na watu wazima, wengine wametoka Geita, wengine Musoma, wamelala pale siku kumi. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa na mtoto wa miezi anayenyonya, naye yumo kwenye mstari.

Mbele kabisa, kwenye kigoda, alikaa Mzee Masatu. Shuka mabegani, beseni miguuni, kichwa kimeshalowanishwa. Zile mvi zilikuwa zimelala. Mnyoaji alikuwa anatazama makali ya wembe wake kwenye jua.

Nilisimama. Nikaenda mpaka mbele yake nikapiga goti.

"Shikamoo mzee. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Koku?" Aliniangalia khanga, akaangalia faili. Faili lile alilijua vizuri. Akamnyooshea mnyoaji kiganja, yaani subiri. "Umekuja mwenyewe mpaka huku."

"Ndiyo mzee."

Bibi Nyangeta akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Kaka, jua linaenda. Mkubwa asiponyolewa hakuna atakayenyolewa, na msiba hauishi. Roho ya mama itakaa mlangoni mpaka lini?"

Mzee aliendelea kunitazama. "Binti, niambie. Nimebakiza kitu huko?"

Ile ila yangu nilikuwa nayo mdomoni. Ilikuwa siku nne tu. Watu wale walikuwa wamekaa siku kumi, nne ni nini? Nilimfikiria dairekta, nikaona jina langu linapanda polepole, na baba amesogea karibu na runinga na miwani yake. Kisha yule mtoto wa mkekani akapiga chafya. Chafya ndogo tu. Nikaona kwamba nikifungua faili, watu mia watajikusanya na kubaki, au wataondoka na msiba mikononi, kwa sababu mimi sikufunua karatasi.

"Hapana, mzee," nikasema. "Hujabakiza. Umemaliza."

"Una uhakika?"

"Nimekuja kukupa pole tu."

Akanitazama kidogo tena. Kisha akainamisha kichwa, na mnyoaji akaanza na utosi.

Nywele zilikuwa zinaanguka kwenye shuka na mimi, kwa mazoea ya kazi tu, nilikuwa naangalia zinaanguka upande gani. Ndevu zilitoka mwisho. Alipoinua uso sikumjua. Alikuwa na kidevu kidogo, cha kitoto.

Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia. "Huyu si mwanangu. Ni mwenzangu wa kazini, Mwanza." Kicheko kikaanzia kwa wanawake, kicheko cha kwanza pale uani kwa siku kumi, waliniambia baadaye. Bibi Nyangeta hakucheka. "Wa kazini ndiye aliyekimbia kuliko wajukuu wa Musoma?" alisema. "Basi naye akatwe." Akachukua wembe, akanivua ile khanga ya kichwani, akakata kishungi kimoja juu ya sikio la kulia. Hilo ndilo jibu la swali lenu la pili.

Walinipa ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, nikala mpaka nikajishangaa. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye mwamba ambako mtandao unashika, nikampigia dairekta.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Alikuwa hajanyolewa."

"Safi sana, Koku! Safi!"

"Aliniuliza kama amebakiza kitu. Nikamwambia amemaliza."

Akasema, "Rudi," basi.

Nansio hadi Mwanza

Kesho yake meli ilikuwepo. Abiria wa jirani yangu alikuwa na kapu la machungwa, akanimenyea moja baada ya jingine saa tatu nzima, wala hakuniuliza jambo. Sikumbuki hata moja lilikuwa na ladha gani. Nilikuwa natunga maelezo. Ningesema nilichelewa. Ningesema nilikuta wembe umeshapita. Nani angejua? Dairekta asingekwenda Ukerewe kuuliza. Ila nilikuwa nimeshamwambia kweli pale mwambani, na sikuweza kuirudisha. Mawe ya Mwanza yalipoanza kuonekana nilikuwa nimeng'ata kucha zote.

Dairekta alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Akanikalisha, akaniagizia soda. Akasema watasubiri mpaka ndevu za mzee ziote, sini ile itarekodiwa mwisho kabisa, na sebule italipiwa tena baadaye. Akasema kukosea kwenye karatasi ni kazi, yeye mwenyewe ameshakosea makubwa zaidi.

"Lakini ulifika kwa wakati," alisema. "Ukaulizwa. Ukajua jibu. Hapo hukukosea, ulichagua. Mimi namhitaji mtu ambaye akiulizwa kuhusu kazi yangu atanichagulia mimi."

Sikumchukia. Ningekuwa yeye labda ningesema hivyo hivyo. Niliacha kijitabu cha timu mezani, faili la picha nikasahau kulitoa mkobani. Au tuseme nilisahau. Baba sijamwambia.

Simu ya juzi

Miezi miwili na nusu imepita. Nimerudi kwenye harusi, mnajua. Juzi niko ukumbini nakunja nyaya, simu ikaita.

"Binti."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndevu zimerudi." Alikuwa na sauti ya furaha. "Dairekta wenu kanipigia. Anasema wiki ijayo nije, kuna kipande kidogo. Nikasema sawa, Koku atanipokea."

"Mzee, mimi siko tena kwenye kazi ile."

Nikasikia kuku upande wake. "Ni kwa ajili ya ule mlango," akasema.

"Ulijua?"

"Niliingia mlangoni sijasema neno, Koku. Mwanangu wa mchezoni ananisubiri sebuleni mpaka leo. Nimefundisha michezo ya kuigiza miaka thelathini, nitasahau jambo hilo?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Kwa sababu ungesema nimebakiza, ningesubiri. Nilishatoa neno langu la kazi. Ningenyanyuka pale na kichwa kibichi." Akakohoa. "Basi, kama wewe hupo, na mimi nimemaliza. Watafute mzee mwingine."

Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilisimama na ule waya mkononi nikafurahi kwa ubaya kabisa, nikamwona dairekta kwenye sebule yake ya kulipia, mlango unafunguka na haingii mtu. Furaha ile haikudumu. Niliukumbuka ule mkono wa mzee kwenye kitasa, jioni ile Kayenze, jinsi ulivyosita kabla ya kufungua. Sisi sote nyuma ya kamera tuliacha kupumua.

"Hapana, mzee," nikasema. "Hujamaliza. Umebakiza mlango." Nikakaa juu ya sanduku la spika, nikafungua mkoba, nikatoa faili. "Usiziguse ndevu mpaka Mwanza. Kofia uliishika mkono wa kushoto, ukingo ukiangalia chini. Kifungo cha pili kilikuwa wazi. Ulitanguliza mguu wa kulia, na ulikuwa umeshavuta pumzi ya kusema."

"Ngoja, ngoja," akasema. "Ngoja nichukue kalamu."

Nikangoja. Aliporudi nikaanza upya, polepole, kuanzia kwenye kofia.